Dalali akikwambia "utazoea tu": kelele za barabara kuu na nyumba zilizo pembeni yake

Nilipoenda kuangalia vyumba Mlandizi, nyuma kidogo ya fremu za maduka, kama mita 60 hivi kutoka Morogoro Road, ilikuwa Jumapili saa nane mchana. Dalali ananionyesha tailizi, ananionyesha luku ya kujitegemea, ananionyesha dirisha kubwa la aluminiamu linaloingiza upepo, na katikati ya maneno likapita semi la mafuta ikabidi anyamaze kwanza lipite ndo aendelee. Nikamuuliza, na hii kelele je? Akajibu hapo hapo, "Kaka utazoea tu, wiki moja nyingi." Nikalipa kodi ya miezi 6 tukahamia, mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka 4.

Na kweli tulizoea. Ilifika mahali mgeni akija anauliza hivi mnalalaje hapa, sisi tunashangaa anaongelea nini. Ila asubuhi naamka nimechoka kama niliyekesha, kichwa kizito, mtoto anashtuka saa kumi alfajiri analia, mke wangu amekuwa mwepesi wa kukasirika na mimi vilevile, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema tatizo ni barabara kwa sababu barabara tulishaizoea. Ilinichukua karibu mwaka kuanza kuyasoma haya mambo, na nilichokikuta ndo nataka nikieleze hapa taratibu, maana hii habari ya kuzoea ni kweli nusu na ile nusu nyingine ndo inayoumiza watu. Kinachozoea ni akili. Moyo na mishipa ya damu vinaendelea kuitikia kila lori linalopita, usiku kucha, mwaka hadi mwaka, mwenyewe umelala hujui kitu.

Tuanze na desibeli, maana usipoielewa hiyo namba zote zitakazofuata zitakuchanganya. Sauti inapimwa kwa desibeli na desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Gari moja likikutolea desibeli 60 pale uliposimama, likija la pili linalofanana nalo hupati 120, unapata 63. Magari 10 ya hivyo ni 70, magari 100 ni 80. Yaani magari yakiwa mara mbili unaongeza 3, yakiwa mara kumi unaongeza 10. Sikio nalo lina hesabu zake, ongezeko la 3 unalisikia kwa shida, ila ikipanda 10 unaona kabisa kelele imekuwa kama mara mbili. Sasa kwa anayekaa barabarani hii maana yake ni kwamba hata magari yakipungua nusu hutaona tofauti ya maana, na barabara ikiongezewa magari kidogo kidogo kwa miaka 10 hakuna siku hata moja utakayosema leo kelele imezidi, wakati kiukweli imepanda.

Umbali nao unadanganya watu. Kwenye barabara yenye magari mfululizo, kila ukienda mbali mara mbili unapunguza desibeli 3 tu, mita 15 hadi 30 ni 3, mita 30 hadi 60 ni 3, mita 60 hadi 120 ni 3 nyingine. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande ukipima toka katikati, na watu tunaijua sana ile sheria kwa ajili ya alama ya X ukutani na bomoabomoa, lakini ukiipigia hesabu ya sauti zile mita 7.5 zilizoongezwa zinapunguza kama desibeli 1 tu. Hifadhi ina kazi zake nyingine na ni za muhimu, kumpa mtu usingizi siyo mojawapo.

Kelele yenyewe inatoka wapi? Wengi tunadhani injini. Kwa gari dogo likishavuka mwendo wa kilomita 40 au 50 kwa saa kinachopiga kelele zaidi ni tairi na lami, zile kashata za tairi zinapiga lami na hewa inabanwa kwenye mifereji yake halafu inaachiwa, maelfu ya mara kwa dakika. Ndo maana hata yakija magari ya umeme mtu wa barabara kuu asitegemee ukimya, ukimya wa umeme utamfaa anayekaa mtaa wa ndani kwenye bodaboda na bajaji zinazotembea polepole. Malori ni habari nyingine, hayo injini inasikika mpaka mwendo mkubwa, na juu yake ongeza breki za upepo, ongeza breki ya injini ile inayonguruma kama mtu anararua bati, ongeza tela tupu linaloruka kwenye tuta na minyororo yake.

Na sisi tuna rasta pale, ile mistari ya matuta madogo madogo barabarani. Rasta zimewekwa makusudi zipige kelele zimwamshe dereva, na tuta limewekwa ili watoto wavuke wakiwa hai, sitaki mtu asome hapa aseme naomba vitolewe, sitaki kabisa. Ila lazima isemwe kwamba tuta na rasta zikiwa mbele ya chumba cha kulala lori moja linatoa matukio manne, linaingia kwenye rasta trrrr, linafunga breki pshhh, linashuka tuta mzigo unagonga, halafu dereva anapanda gia kuanza upya kuvuta tani zake. Nilikuwa naweka glasi ya maji kwenye stuli karibu na kitanda. Usiku mmoja umeme umekatika nimewasha tochi ya simu, likapita semi kwenye rasta nikaona maji kwenye glasi yanatengeneza duara, moja ndani ya nyingine, halafu yakatulia, halafu lingine. Ule ni mtikisiko wa chini kabisa, besi, na kipimo kinachotumika sana cha desibeli kimeundwa kufuata sikio la binadamu kwa hiyo besi kinaihesabu kidogo mno, kwa maana hiyo karatasi inaweza kusema kelele ni ya wastani wakati vioo vya dirisha vinatetemeka.

Nikiwa nishaanza kusoma nikaamua Ijumaa moja nikeshe nihesabu. Nikachukua kaunta buku la mtoto na kalamu, nikakaa sebuleni kuanzia saa tano usiku, kila kishindo kinachozidi sauti ya pangaboi napiga mstari. Saa nane nilikuwa nimeshavuka mistari 60 nikaacha. Si unajua ile barabara, ni malori ya bandarini yanayoenda Zambia na Kongo, na tangu 2023 mabasi ya mikoani yaliporuhusiwa kusafiri usiku yameongezeka na yao. Sasa linganisha na hili: Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 1999 liliandika kwamba kwa usingizi mzuri, sauti ndani ya chumba isivuke desibeli 45 zaidi ya mara 10 hadi 15 kwa usiku mzima. Mimi sikuwa na kifaa cha kitaalamu, siwezi kusema kila mstari wangu ulivuka 45, lakini pangaboi letu lenyewe halinong'oni na nilikuwa naandika kile tu kilicholizidi.

Hapo ndo unakutana na mtego wa wastani. Sheria nyingi na vipimo vingi vinatumia wastani wa kelele kwa saa kadhaa. Barabara ya mjini yenye magari mfululizo inatoa kama mvumo mmoja, shhhh, wastani wake uko juu lakini haina vilele, yaani vishindo vya ghafla. Barabara kama yetu saa tisa usiku ni kimya dakika mbili halafu kishindo, kimya dakika tatu halafu pikipiki iliyochomolewa sailensa, wastani unatoka wa chini na mtu anaamshwa mara 40. Usingizi unavurugwa zaidi na vile vilele, na kadiri kulivyokuwa kimya kabla yake ndivyo kilele kinavyochoma zaidi. Kwa hiyo mtu akikuletea ripoti yenye namba moja tu ya wastani muulize na vilele vingapi kwa usiku.

Kuna kitu kingine cha usiku ambacho nilikuwa nakiona tangu utotoni sikijui sababu yake, kwamba barabara ambayo mchana huisikii kabisa, usiku inakuja mpaka kitandani. Siyo tu kwamba mtaa umetulia. Mchana ardhi ina joto na hewa ya chini ina joto kuliko ya juu, sauti inajipinda kwenda juu inapotelea angani. Usiku usio na mawingu ardhi inapoa haraka, hewa ya chini inakuwa ya baridi kuliko iliyo juu yake, na sauti inajipinda kurudi chini, inaenda mbali ikiwa imekaa karibu na ardhi. Yaani muda ule ule watu wanaolala ndo muda ambao hewa yenyewe inabeba kelele mbali zaidi, na ndo muda dalali haonyeshi nyumba.

Sasa mwilini. Macho yana kope, masikio hayana, na hata ukiwa umelala fofofo sikio linaendelea kupeleka habari kwenye ubongo, na sehemu za ndani kabisa za ubongo zinazoshughulika na hatari hazisubiri uamke ndo ziamue. Kishindo kikiingia mwili unamwaga homoni za hofu, adrenalini na kotisoli, mapigo ya moyo yanapanda, mishipa inabana, presha inapanda kidogo, usingizi unatoka kwenye kina unarudi juu juu, sekunde chache tu baadaye unazama tena. Asubuhi hukumbuki chochote. Watafiti waliowapima watu waliokaa miaka pembeni ya barabara zenye magari wamekuta kwamba kuamka kabisa kunapungua kadiri mtu anavyozoea, hapo dalali yuko sahihi, lakini ule mruko wa moyo kwa kila gari unabaki. Mainz, Ujerumani, walichukua watu wazima wenye afya wakawachezea usiku kelele za ndege zilizorekodiwa, matokeo yakatoka 2013, na mishipa yao asubuhi ilikuwa haitanuki vizuri kama inavyotakiwa. Kilichonishtua mimi ni kwamba waliokuwa wameshasikilizishwa kelele usiku wa kabla waliathirika zaidi. Ilikuwa ndege siyo malori, najua, na ni watu wachache, ila inaenda kinyume kabisa na lile neno utazoea.

Kwa barabara zenyewe kuna utafiti mkubwa wa Denmark, walifuatilia zaidi ya watu 57,000 kwa miaka mingi, wakakadiria kelele ya barabara kwenye kila nyumba aliyoishi mtu, na 2012 wakaandika kwamba kila kelele ilipopanda desibeli 10 uwezekano wa kupata shambulio la moyo ulipanda kama asilimia 12, na hapo walishaondoa mchango wa moshi wa magari na sigara na mambo mengine. Mtu mmoja mmoja asitishike sana na hiyo 12, sigara ni mbaya kuliko hapo na presha isiyotibiwa pia. Uzito wake uko kwenye wingi wa watu, maana sigara anavuta anayevuta, kelele ya barabara wanaipata wote waliolala mtaa mzima, wazee, wajawazito, watoto. Mwaka 2011 WHO walikadiria kwamba Ulaya Magharibi peke yake inapoteza angalau miaka milioni 1 ya maisha yenye afya kila mwaka kwa sababu ya kelele za usafiri, sehemu kubwa ikiwa ni usingizi ulioharibika. Na 2018 wakatoa mwongozo kwa Ulaya, kelele ya barabara nje ya nyumba isizidi 53 kwa wastani wa siku nzima na isizidi 45 usiku. Huo wastani wa siku nzima unaipa kelele ya usiku adhabu ya desibeli 10 za kuongeza, yaani lori la saa nane usiku linahesabiwa kama malori 10 ya mchana. Uliandikiwa Ulaya, lakini moyo wa mtu wa Mlandizi haujatengenezwa tofauti.

Kwa watoto nataka nikae kidogo maana ndo ilinichoma. New York kuna maghorofa manne ya ghorofa 32 yamejengwa juu kabisa ya barabara kuu, yaani magari yanapita chini ya majengo, karibu na daraja la George Washington. Mwaka 1973 watafiti watatu, Cohen, Glass na Singer, walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wanaokaa mle. Jengo ni lile lile, kodi na maisha hayatofautiani sana, kinachotofautiana ni ghorofa, wa chini wanakula kelele na wa juu wako afadhali. Wakawapa watoto maneno mawili yanayokaribiana, mfano kwetu ungesema pata na bata, kaka na gaga, halafu mtoto aseme ni neno moja au mawili tofauti. Waliokaa ghorofa za chini walikosea zaidi, kusoma kwao pia kulikuwa nyuma, na ilionekana zaidi kwa waliokaa pale miaka 4 na kuendelea. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba mtoto anayekua kwenye kelele anajifunza kuifunga, anaacha kusikiliza, na anapoacha kusikiliza kelele anaacha na sauti za maneno humo humo. Soma tena hapo. Kuzoea kwenyewe ndo kulikuwa hasara. Miaka miwili baadaye hapo hapo New York Bi Arline Bronzaft na mwenzake wakakuta shule moja ambayo madarasa ya upande mmoja yanatazama reli ya juu, watoto wa upande ule wako nyuma kwenye kusoma kuliko wenzao wa upande wa kimya wa jengo lile lile, na reli na madarasa yalipofanyiwa kazi ya kupunguza kelele tofauti ikaondoka. Hilo la mwisho ndo lilinipa nguvu, kwamba inarudi.

Tuje kwenye nyumba zetu. Ukuta wa tofali la saruji la inchi 6 uliopigwa plasta pande zote unaweza kuzuia zaidi ya desibeli 40, ni ukuta mzuri sana kwa kelele. Shida yetu siyo ukuta, ni tundu. Sauti inafuata hewa, na hesabu yake ni ya kikatili: tundu likiwa asilimia 10 ya ukuta, ukuta mzima hauwezi kuzuia zaidi ya 10, likiwa asilimia 2 hauwezi kuvuka 17, likiwa asilimia 1 mwisho wake 20, hata ukuta ungekuwa wa zege la mita nzima. Chumba chetu juu ya dirisha kina yale matundu ya hewa, madogo tu, na yote pamoja hayafiki hata asilimia 2 ya ukuta. Niliyaangalia muda mrefu siku hiyo niliyoielewa hesabu. Halafu dirisha la kuslaidi, hata ukilifunga vipande viwili vinapishana na kuacha mwanya unaoweza kupitisha karatasi, chini ya mlango kuna mwanya wa vidole viwili, na kwenye paa kama huna silingi bodi kati ya bati na ukuta kuna uwazi wa kuzunguka nyumba nzima. Dirisha likiwa wazi kabisa unapata punguzo la 10 hadi 15 tu, na Pwani mwezi wa pili nani analala amefunga dirisha?

Hapo ndo ugumu ulipo na sitaki kuufanya mdogo. Mzungu anaambiwa weka vioo viwili, funga, lala. Sisi tunahitaji upepo. Tena kuna jambo la hatari, kama unapikia jiko la mkaa ndani usizibe matundu ya hewa hata kama kelele inakuua, ile hewa ya mkaa inaua kweli na haina harufu.

Watu wanabandika trei za mayai ukutani. Zinapunguza mwangwi ndani ya chumba, haziwezi kuzuia lori la nje kwa sababu ni nyepesi na zina hewa, kinachozuia sauti ni uzito na kuziba. Mapazia mazito vivyo hivyo. Miti napenda na ningependa kila mtu apande, inaleta kivuli na inashika vumbi, na mtu asipoiona barabara huwa anaudhika kidogo zaidi, lakini kwa sauti yenyewe unahitaji msitu mnene wa kama mita 30 ili upate punguzo la desibeli 5, mstari mmoja wa mwarobaini haufanyi kitu. Uzio wa tofali ndo unafanya, ukiwa mrefu kiasi cha kukata macho yako yasione magari unapata kama 5, ukipanda zaidi unaweza kupata 10, ila uwe karibu na barabara au karibu na nyumba, ukiwa katikati unasaidia kidogo, na geti lenye uwazi chini linaharibu yote. Anayekaa ghorofa ya tatu uzio haumhusu. Nairobi wanaijua hiyo, ile Expressway ya kilomita 27 iliyofunguliwa 2022 sehemu yake imepita juu kwenye nguzo, kwa hiyo ghorofa ambazo zamani zilikuwa juu ya kelele sasa zinatazamana nayo.

Na kitu ambacho nakiona kwenye kila barabara kuu ya Tanzania lakini sijawahi kuona mtu anakitaja kwa kelele, ni fremu. Safu ya fremu iliyoungana bila kuachana, bati na ukuta mmoja mrefu, ni ukuta wa kelele kamili ambao hakuna mkandarasi aliyelipwa kuujenga. Vyumba vilivyo nyuma yake vinapona. Ila kati ya fremu na fremu pakiachwa uchochoro, chumba kinachotazama ule uchochoro kinapata kelele kama hakuna fremu, na chetu ndo kilikuwa kinatazama uchochoro. Vyumba vya pembeni yetu, hatua 8 tu, usiku ni dunia nyingine. Mama mwenye nyumba alikuwa hajui kwa nini wapangaji wa chumba chetu hawadumu.

Kisheria tuko wapi? Tanzania tuna Sheria ya Mazingira ya 2004 na kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za 2015 chini ya NEMC, baraza la mazingira. Kenya wana kanuni za 2009 chini ya NEMA, mamlaka yao ya mazingira, zinazosema nje ya makazi isizidi 50 mchana na 35 usiku, namba nzuri kabisa, kali hata kuliko za WHO. Lakini tunachosikia kikifungiwa ni baa na kumbi, na sababu ninaielewa, baa ina mwenyewe, ukienda saa sita usiku unamkuta meneja. Barabara ina wenye magari elfu kila mmoja amekutolea sekunde zake 8 na kuondoka. Ndo maana hii haiwezi kutatuliwa kwa kumkamata mtu, inatatuliwa pale barabara inapochorwa. Miradi mikubwa ya barabara lazima ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na wananchi wanaitwa kutoa maoni, na kwenye vile vikao tunauliza fidia na vumbi la ujenzi, basi. Tuulize na tuta litakaa wapi, rasta zitakuwa mita ngapi toka kwenye nyumba, njia ya mabasi itakuwa ya zege au lami, maana zege linapiga kelele zaidi na viungio vyake vinagonga tu-tu-tu kwa kila tairi. Barabara kuu nyingi za Uholanzi zimewekwa lami yenye vitundu inayomeza sauti ya tairi. Paris tangu 2021 mitaa mingi ni mwisho kilomita 30 kwa saa, na kelele ilikuwa mojawapo ya sababu. Na pikipiki kuchomolewa sailensa hiyo haihitaji mradi wala mkopo, inahitaji trafiki asimame pale saa tatu usiku.

Sisi tulichofanya ni kidogo. Kitanda cha mtoto kimehamia chumba cha nyuma kilichokuwa stoo. Matundu ya upande wa uchochoro fundi ameziba kwa saruji kwa ruhusa ya mama mwenye nyumba, ya upande wa nyuma yameachwa wazi na dirisha la nyuma linabaki wazi usiku na neti yake, jikoni hatukugusa. Kwenye dirisha la mbele tumeweka ule mpira wa kuziba unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya aluminiamu. App ya simu siyo kipimo cha mahakamani lakini kwa kulinganisha kabla na baada inatosha, na tofauti ilionekana wazi kabisa kwenye vilele. Besi bado inakuja, glasi bado inatetemeka kidogo. Mtoto wiki ya pili aliacha kushtuka saa kumi.

Mkataba unaisha mwezi ujao na tunahama. Dalali mwingine ana vyumba viwili, nimemwambia nataka kuviona saa tano usiku, tukifika tuingie ndani, tufungue madirisha yote, tukae kimya dakika 15. Alinyamaza kwenye simu, akaniuliza kama kuna tatizo. Nikamweleza haya yote kwa kifupi. Tumekubaliana Alhamisi.